Msimwite Jiniasi, Mlipeni

"Jiniasi" ni neno la heshima la kumnyima mtu pesa. Nimesema. Mtanitukana kwa komenti, sawa, lakini kwanza someni mpaka chini.

Wiki hii inboksi yangu imejaa video moja. Mnaijua hata kama hamjaiona. Komredi wa uhandisi, nyumba ya mabati, meza imejaa waya, kigari kidogo kinazunguka sakafuni chenyewe bila kugonga ukuta, na muziki wa huzuni nyuma kama wa matanga. Juu imeandikwa jiniasi wa mtaa, serikali imuone. Halafu mnaniandikia: "Bro, si wewe ni msee wa Lanet? Huyu ni wetu. Mposti!"

Simposti. Na si roho mbaya.

Hizo video nazijua kutoka jikoni, juu hiyo ndiyo kazi inanilisha. Siku ya kwanza watu wanalia na emoji. Siku ya pili redio inampigia, anaulizwa alianza lini kuwa na hiki kipaji. Siku ya tatu mheshimiwa fulani anapiga picha naye, mkono begani, anaahidi "kumshika mkono". Siku ya nne kuna mbuzi amefunzwa kudensi, na nyote mmehamia huko. Yule kijana bado ako pale pale na mota iliyoungua na betri iliyokufa, na sasa mtaa mzima unadhani ana pesa juu alionekana kwa TV. Aliyepata kitu ni nani? Ni mwenye ukurasa ulioposti.

Angalieni vile hilo neno hufanya kazi. Fundi wa mabomba akija kwenu, hakuna mtu humwita jiniasi. Mathe anamuuliza, "Ni ngapi?" Wanabishana kidogo, anapunguziwa mia mbili, anatoa. Neno fundi limebeba bei ndani yake. Jiniasi halina bei. Jiniasi amepewa na Mungu, kwa hivyo hahitaji karakana, hahitaji chuma cha kulehemu, hahitaji mshahara. Anahitaji tu kuonekana. Tukishamwona, deni tumemaliza. Ndiyo maana viongozi wanalipenda sana, maana makofi hayajawahi kugusa bajeti ya kaunti yoyote.

Na akiwa maskini, ndiyo tamu zaidi. Kamera inapitia mabati kwanza, sufuria, kitanda, mama amekaa kando, ndipo ifike kwa mashine. Hakuna mtu anauliza hiyo mashine inafanya nini na inaisaidia nani. Tunauliza alilala njaa siku ngapi akiiunda.

Tuchukue mfano wa hapa karibu. Keriko, sekondari ya kutwa kule kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti yetu hii hii. Machi 2019 mwalimu wao wa hesabu na fizikia, Bruda Peter Tabichi, alishinda ile zawadi ya mwalimu bora duniani kule Dubai, dola milioni 1. Dunia nzima ikaimba wimbo mmoja: mtawa, anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza, shule iko na kompyuta moja, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Hayo yote ni kweli. Lakini ile sehemu ya maana ilipitwa kama matatu isiyo na nafasi. Wanafunzi wa hiyo shule walikuwa tayari wameunda kifaa cha kumsaidia mtu asiyeona au asiyesikia kupima vitu, wakakipeleka kwa maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya mwaka 2018. Timu yao ya sayansi ya hesabu ikafuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya Intel kule Arizona, Marekani, 2019. Wengine wao walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kutoa umeme kutoka kwa mimea inayomea huko huko kwao.

Hiyo haikutokea juu Njoro ilinyesha majiniasi. Kulikuwa na klabu. Kulikuwa na mtu mzima anayejua fizikia, anayewafundisha hata wikendi, anayeenda saiba kupakua masomo ili yatumike bila intaneti, anayewatembelea wanafunzi nyumbani. Na kulikuwa na maonyesho yenye tarehe, yaani kazi ilikuwa lazima iishe, haikuwa ya "nitamalizia nikipata muda." Mwalimu, klabu, tarehe. Hivyo ni vitu vina bei inayojulikana. Unaweza kuviandika kwa bajeti ya shule yoyote kutoka hapa Lanet mpaka Molo. Kipaji huwezi kukiandika kwa bajeti, na naona ndiyo sababu wakubwa wanapenda kukizungumzia.

Mfano mwingine mtaukumbuka, ni wa wakati wa korona. Stephen Wamukota wa Bungoma, miaka 9, aliunda mashine ya mbao ya kunawa mikono: unakanyaga kwa mguu, maji yanakuja, hushiki kitu. Mbao zenyewe baba yake alikuwa amenunua za fremu ya dirisha. Juni 2020 Rais Uhuru Kenyatta akampa nishani ya Uzalendo. Poa sana, na alistahili. Lakini mtoto wa miaka 9 anaweza kutosheka na nishani. Mtu wa miaka 23 aliye na kodi ya nyumba tarehe tano hatosheki, na sisi bado tunamtendea kama yule wa miaka 9.

Nikifika hapa kila mara kuna mtu ananiletea M-Pesa. "Bro, shida ni kuibiwa, si uliona ile ya M-Pesa?" Mmeisikia hiyo hadithi: eti mwanafunzi wa chuo aliiunda kama projekti yake, kampuni ikamwibia mchana. Imezungushwa mpaka imekuwa kama Biblia. Sasa sikizeni vile ilienda. Kitu kilianzia Vodafone kule Uingereza, kikiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, na karibu pauni milioni 1 za msaada kutoka serikali ya Uingereza. Majaribio yalianza hapa Kenya 2005, Nairobi na Thika, na lengo halikuwa kutuma pesa hata. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Lakini wale waliopewa waijaribu wakaanza mambo yao: mmoja anamtumia mwenzake, mwenzake anatoa. Wenye mradi wakaangalia, wakaona watu wanataka kitu kingine kabisa, wakabadilisha mpango. Machi 2007 Safaricom ikazindua ile tunayoijua, ya kutuma pesa nyumbani.

Naona tunapenda ile hadithi ya wizi juu inatuambia wazo ndilo kila kitu, na wazo kila mtu anaweza kuwa nalo akiwa kitandani. Lakini hapo kilichofanya kazi ni pesa ya kujaribu, na miezi ya kukaa ukiangalia watu wakitumia kitu chako vile hukutarajia. Hiyo ya pili haiwezi kuingia kwa video ya sekunde 40.

Roy Allela ni Mkenya na amepita hiyo njia. Aliunda glavu zinaitwa Sign-IO: kila kidole kina sensa inayopima kimejikunja kiasi gani, glavu inatuma kwa simu kwa Bluetooth, simu inatamka ishara kwa sauti. Alianza kwa sababu ya mtoto wa familia yake aliyezaliwa hasikii. Angeweza kuishia hapo, achukue video, alie kidogo, aende. Lakini alizipeleka kwa shule ya watoto wenye mahitaji maalum kule Migori, na huko ndiko akajifunza kitu ambacho mezani hungekiona: watoto hawaendi kasi moja. Kuna anayetoa ishara polepole, kuna anayezipiga kama anaendesha boda. Programu ikabidi ikubali kasi ya kila mmoja. Na watoto walitaka glavu zipendeze, zifanane na za mashujaa wa filamu, juu mtoto hataki kuvaa kitu kinachomfanya aonekane mgonjwa. (Kando kidogo: wapo viziwi wengi duniani hawapendi hizi glavu zote, wanasema lugha ya ishara iko pia usoni na mwilini, na mbona mzigo wa kuvaa kitu upewe kiziwi badala ya sisi kujifunza ishara. Wana hoja. Na hiyo ndiyo aina ya hoja inayofaa kumfikia mwanafunzi akiwa bado anaunda. Makofi hayaibebi.)

Sasa makomredi, msicheke, zamu yenu imefika.

Kile kigari kinachokwepa ukuta si uvumbuzi. Ni zoezi. Ni somo la mwanzo mwanzo kwa kila kitabu cha robotiki. Ile sensa yenye macho mawili mbele inatuma sauti ya juu sana ambayo masikio hayaisikii, inasubiri mwangwi, ubao unahesabu muda, unagawa, unajua ukuta uko umbali gani. Ubao wenyewe, Arduino, ulizaliwa 2005 kwa chuo fulani mjini Ivrea, Italia, makusudi ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kucheza na elektroniki. Ukifaulu hilo zoezi, hongera, kweli kabisa, umesoma. Lakini kulipigia kelele za uvumbuzi ni kama kumwita mtoto wa darasa la kwanza mwandishi juu ameandika "baba ana ng'ombe." Hivyo hivyo na pipa la taka linalojifungua lenyewe. Nyumba yenu iko na shida ya kufungua pipa? Mimi kwetu shida ni gari la taka halijapita.

Na mnajua mwisho wa hizo projekti. Mwaka wa nne komredi anajinunulia vifaa kwa pesa ya mfuko wake, anawasilisha mbele ya meza ya walimu watatu, anapewa alama. Wiki hiyo hiyo mashine inafunguliwa, sensa zinauzwa kwa komredi wa mwaka wa tatu, ambaye mwaka ujao ataunda pipa. Mota moja inaweza kuhitimu mara tano kabla ife.

Kuna wenye watasema naongea hivi juu niliacha chuo. Ndiyo, nilitoka mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Chuo chenyewe sitakitaja. Lakini nakumbuka mashine nzuri ya maabara ilifunikwa kitambaa, ikifunuliwa siku ya wageni, na sisi tukichora kwa daftari umbo la kitu kilichokuwa mita tatu kutoka tulipokaa. Kwa hivyo usiniambie shida ya wanafunzi wa Kenya ni vipaji kutotambuliwa. Vimetambuliwa hadi vimechoka. Wape funguo za kile chumba.

Mnataka kujua kitu kikubwa cha teknolojia kimewahi kutoka Lanet? Hakikuwa na waya hata moja. Mwaka 2012, wengi wenu mkiwa nasari, chifu wa Lanet Umoja alikuwa marehemu Francis Kariuki, mtu aliyekuwa mwalimu kabla awe chifu. Alianza kuandika kwa Twitter mambo ya mtaa: kondoo ameibiwa wa rangi fulani, watu wamevamia nyumba ya mwalimu fulani, tokeni. Saa kumi usiku aliandika hivyo kuhusu hiyo nyumba ya mwalimu, watu wakajaa nje kwa dakika chache, wezi wakatoroka. Kondoo naye alipatikana. Waandishi wa habari wakaja kutoka nchi za mbali.

Hapa nataka msome polepole. Eneo lake lilikuwa na watu karibu 28,000, wengi wakulima wadogo wasio na simu janja. Ukurasa wake ulikuwa na wafuasi karibu 300. Mia tatu! Mimi nikipata laiki 300 nahisi nimefeli. Lakini jumbe zake zilifikia maelfu, juu zilisomeka hata kwa simu ndogo, na watu walisambaziana kwa SMS. Hakuunda kitu. Alichukua kitu kilichokuwako, akakishikanisha na shida iliyokuwa inawanyima watu usingizi, na akakitumia kila siku, hata siku ambayo hakuna kamera. Sijawahi kusikia mtu akimwita jiniasi. Walimwita chifu, na chifu ana mshahara.

Turudi kwa waya basi, juu naona mmeanza kusema nachukia waya. Hapa mtaani kuna watu wanafuga kuku, na kuna mafundi wanatengeneza inkubeta za mbao. Hiyo ni robotiki, hata kama haina magurudumu. Mayai ya kuku yanataka joto la kama nyuzi 37.5 kwa siku 21, yageuzwe mara kadhaa kwa siku mpaka karibu siku ya 18, na unyevu uangaliwe. Kuna themostati, kuna mota ya kugeuza, kuna feni. Inauzwa. Ina bei. Hakuna mtu amewahi kunitumia video yake na muziki wa huzuni. Na bado ina shida ambayo haijaisha: stima ikipotea saa nane usiku na mama amelala, anaamka mayai yamepoa, pesa imeenda. Anayeweza kuunda kitu cha bei ndogo kinachompigia huyo mama simu joto likishuka, na betri inayoshikilia mpaka asubuhi, huyo nitamuuliza "ni ngapi?" mbele ya watu. Komredi wa kile kigari anaweza kabisa. Sensa ya joto ni rahisi kuliko ya ukuta.

Ndiyo maana nilifurahi na Esther Kimani. Mwaka 2024 alishinda Africa Prize, tuzo ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 50,000. Miaka miwili kabla yake, 2022, ilikuwa imeshindwa na Mkenya mwingine, Norah Magero, na friji yake ya sola ya kubeba chanjo. Kifaa cha Kimani ni kamera za sola zinazokaa shambani, zinatambua wadudu na magonjwa ya mimea, zinamtumia mkulima SMS. Lakini mimi sikushika ile ya pauni 50,000. Nilishika dola 3. Mkulima mdogo hanunui kile kifaa, anakikodi kwa dola 3 kwa mwezi. Mtu aliketi akajiuliza, mkulima huyu mfukoni ana nini? Hilo swali ni sehemu ya mashine kama vile sola ni sehemu ya mashine.

Kwa hivyo mheshimiwa, ukipita kwa meza ya mwanafunzi pale shoo ya ASK Nakuru, usimshike bega. Uliza bei. Agiza tano za zahanati au za ghala la kaunti, lipa nusu mbele, mpe tarehe ya kuleta. Akishindwa, utakuwa umemfundisha kitu ambacho chuo hakimfundishi. Wakuu wa vyuo, ile karakana iwe wazi usiku. Makomredi husoma usiku, mnajua. Na chama cha mama zetu kinachonunua viti vya plastiki kila mwaka kinaweza kununua inkubeta moja kutoka kwa mtoto wa jirani badala ya kuagiza ya nje.

Na wewe mwenye mashine, kabla hujanitumia chochote, jambo moja la sheria. Wazo tupu halisajiliwi. Kifaa ndicho husajiliwa, kwa KIPI, Nairobi. Sheria ni ya mwaka 2001: kuna hataza ya miaka 20 kwa kitu kipya kabisa, na kuna cheti cha miaka 10 kwa kitu kidogo kidogo, uboreshaji wa kilichoko, ambacho kwa wengi wenu ndicho kinawafaa. Ukishaonyesha kitu chako hadharani una miezi 12 ya kuwasilisha ombi, ikipita umegawia dunia bure. Video ni hadharani. Kumaanisha wale wanaokuposti wakilia "serikali imuone" wameanzisha saa yako bila kukuambia.

Sasa masharti yangu, juu mtaniuliza tena kesho. Nitakuja na kamera, sitakulipisha, sitaweka muziki wa huzuni na sitapiga picha kitanda chako. Lakini mashine iwe imekaa kwa mtu mwingine miezi miwili, mtu ambaye si mamako. Iwe imeharibika angalau mara moja na wewe ukaenda ukaitengeneza. Iwe na bei, nitaiandika kubwa mwanzo wa video pamoja na nambari ya kuagiza. Na atakayeongea ni yule mama wa kuku, wewe utasimama nyuma umeshika spana.